Land Rover 110 au Land Cruiser 60? Mlima wa Mbamba Bay ulinijibu nikiwa na wakwe garini

Wakuu wa jukwaa la magari, nawasalimu kutoka Mbinga, huku baridi ya mwezi wa sita imetufungia ndani na sina kazi ya maana mikononi.

Nimekuwa nasoma kimyakimya ule uzi wa wiki iliyopita, wa Land Rover na Land Cruiser ipi inapanda zaidi. Kurasa kumi na kitu, mmetukanana mpaka ukoo. Nikaona nami nitoe langu, maana ubishi huo niliwahi kuufanya nikiwa na mgonjwa kwenye siti ya nyuma.

Chumvi sitaongeza. Mke wangu amesoma kabla sijatuma, na ameshanifutisha sentensi mbili za kujisifu. Zilizobaki ni za kweli, hata zile zinazoniaibisha.

Ni ndefu kidogo. Mwenye haraka aende kwenye nyuzi za bei za matairi.

Ilikuwa miaka ya tisini katikati. Soko huria ndiyo limeingia. Kabla ya hapo kahawa yetu ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, ushirika, na magari ya ushirika yalikuwa Land Rover. Ghafla watu binafsi wakaruhusiwa kununua, na magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kumiminika Dar. Mtu uliyemjua ana kaduka ka chumvi na sabuni, msimu mmoja tu unamwona anateremka kwenye Cruiser na miwani ya jua.

Mimi nilijifunzia udereva kwenye 110 ya ushirika. Nimeiendesha miaka sita, vijiji vyote vya Umatengo, masika na kiangazi.

Ushirika ulipopunguza watu, nikachukuliwa na mnunuzi mmoja binafsi. Simtaji, tumwite Tajiri. Akanikabidhi Land Cruiser seri ya 60, station wagon, dizeli ya silinda sita, rangi ya maziwa. Siku ya kwanza nilikaa ndani yake nusu saa bila kuiwasha, nanusa tu viti.

Sasa kwa faida ya wanaobishana, niseme nilichokiona kwa macho yangu.

Ile 110 yetu ilikuwa imechoka. Mpira wa mlango umeisha, mvua ikinyesha goti langu la kulia linalowa kabla ya barabara. Kiti kigumu, ukifika unatembea kama mtu aliyepanda punda. Lakini magurudumu yote manne yanavuta muda wote, utake usitake. Kazi ya dereva ni moja: ukiona matope unasukuma kijiti cha difu loki, mbele na nyuma zivute kwa pamoja, basi. Hakuna cha kusahau.

Ile Cruiser ilikuwa starehe. AC, redio ya kaseti, injini inaunguruma kwa adabu, na nyuma ukikunja siti unapata uwanja wa kulala mtu mzima. Four-wheel yake siyo ya muda wote. Kuna kijiti ndani, ukikivuta, taa inawaka kwenye dashibodi.

Ile taa ikiwaka, mimi roho yangu ilikuwa kwatu.

Tena kulikuwa na Suzuki 410 ya bwana mifugo wetu. Wakuu, msikidharau kale kagari. Kepesi, kanapita juu ya matope ambayo sisi tunazama. Ila yule bwana mifugo alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha madereva wote. Mvua ikianza tu, anasimama, anashuka, anainama kwenye gurudumu la mbele la kulia, anashikashika pale katikati, anazunguka la kushoto, anashikashika, ndipo anaondoka. Tulikuwa tunasema anayabembeleza magurudumu yake.

Mimi nilikuwa naongoza kucheka.

Jambo lingine la kukumbuka: Tajiri alipenda gari ling'ae. Alipoileta Mbinga alimwita fundi akapulizia rimu zote rangi ya fedha, na vile vifuniko vya katikati vya magurudumu ya mbele vikapuliziwa humohumo. Zikapendeza sana.

Sasa nije kwa wakwe, maana bila hili hamtaelewa kilichonipata.

Mimi ni Mmatengo wa milimani lakini nimeoa ziwani, karibu na Mbamba Bay. Mke wangu ni Skolastika, nyumbani tunamwita Skola. Kwa familia yao, na siyo familia zote, wengine walishaacha, mkwe wa kiume na mama mkwe hawasemezani. Hamtazamani usoni. Hampeani kitu mkononi. Ukimwona anakuja njiani unapisha pembeni unaangalia chini. Akiwa na neno kwako, analipitisha kwa mtu wa tatu.

Na hapa ndipo penyewe: ukimsikia anasema jambo linalokuhusu lakini halijapitishwa kwako, adabu ni kujifanya hukusikia.

Siyo uadui, wakuu. Ni heshima. Nilipougua malaria mwaka wa kwanza wa ndoa, yule mama alinitumia samaki mbasa mkubwa wa kukaushwa mpaka Mbinga, na uji wa ulezi wa wiki nzima. Lakini miaka minne ya ndoa sauti yake ilikuwa haijanielekea hata mara moja.

Basi mwezi wa nne, masika yamepamba moto, Tajiri akanituma Mbamba Bay kuchukua magunia matupu yaliyokuja kwa boti. Niliteremka njia ikiwa imekauka siku tatu, nikafika salama. Usiku ule ikanyesha. Asubuhi mapema nikapakia magunia yangu, nikasema niwapitie wakwe niwasalimu kabla sijapanda.

Nikakuta uwanja umejaa watu.

Baba mkwe, Mzee Odilo, alikuwa hajakojoa tangu juzi yake. Tumbo la chini limejaa na kukaza. Dispensari walijaribu kupitisha mpira wa mkojo ukakataa, wakasema huyu apelekwe kwa daktari wa upasuaji, tena leo hii. Watu wa kule wote hukimbilia Liuli kwenye hospitali ya misheni, lakini mto wa njiani ulikuwa umefurika, hakuna gari linalovuka. Njia iliyobaki ilikuwa moja, kupanda mlima kuja Mbinga.

Pale uwanjani ilikuwa imesimama Land Rover 110 ya parokia, mlango wa nyuma wazi, godoro limeshatandikwa. Dereva wake Mzee Mapunda, mtu aliyepita miaka sitini, alitakiwa kupeleka saruji upande wa Liparamba, lakini padri alisema mgonjwa kwanza.

Wakuu, mambo yalikuwa yameshapangwa. Mimi nilichotakiwa ni kusalimia na kusema poleni.

"Shikamoo Mzee Mapunda."

"Marahaba mwanangu. Umetukuta na shida."

"Nimeona. Lakini Mzee, kwa nini baba ateseke kwenye bati? Cruiser hii hapa. Anyooke nyuma, AC inampuliza, ndani ya masaa matatu tupo hospitali. Wewe nenda na saruji yako."

Nilisema kwa sauti, ukweli usemwe. Nilitaka uwanja mzima usikie. Nilikuwa mkwe kutoka milimani, naitwa mkwe wa kahawa, na leo nimekuja na gari ambalo wao wanaliona kwa wakubwa tu.

Mzee Mapunda akaizunguka Cruiser, akagonga tairi kwa kiatu. Akaniuliza taratibu, "Hili gari umeshapanda nalo ule mlima njia ikiwa mbichi?"

Nikamjibu, "Nimepanda, Mzee. Mara nyingi."

Nilikuwa sijapanda hata mara moja. Masika yote nilikuwa nazunguka huku juu kwenye njia za kahawa, na nilikuwa napita kwa ujanja na mwendo. Hii ni mara ya kwanza naiandika mahali: nilimdanganya mzee wa watu mbele ya mgonjwa.

Akaniangalia kidogo. Akasema haya, akatoa godoro kwenye Land Rover yake akalitandika mwenyewe kwenye gari langu, juu ya magunia. Mama mkwe akaingia nyuma akakaa miguuni mwa mumewe. Shemeji yangu Kasian alikuwa ameshaweka mguu mmoja mlango wa mbele aje nasi. Nikamwambia abaki, gari likiwa jepesi litapanda vizuri zaidi.

Kwa hiyo tukaondoka watatu. Mimi, mgonjwa, na mtu ambaye siruhusiwi kuongea naye.

Mzee Mapunda akageuza kuelekea Liparamba. Nilimwona kwenye kioo mpaka alipopotea.

Tambarare ilikuwa raha. Mzee Odilo akasema kwa sauti ndogo, "Mkwe, hili gari kama halitembei." Nikavimba kichwa.

Baada ya kitambo nikasikia nyuma, "Baba Skola, mwambie mkweo apunguze mwendo, kila shimo linakuchoma."

Mzee akasema, "Mkwe, mama yako anasema polepole."

"Sawa baba," nikapunguza. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaongea. Yule mzee na maumivu yake yote ndiye alikuwa tarishi.

Tukafika chini ya mlima kama saa nne. Wanaoijua njia ya zamani, kabla ya lami, wanajua nazungumzia nini. Kona juu ya kona, udongo mwekundu, upande mmoja ukuta na upande mwingine unaona vilele vya miti mirefu kwa chini. Maji yalikuwa yanateremka kwenye mikondo ya matairi. Nikavuta kijiti, taa ikawaka, nikasema moyoni twende.

Kona ya kwanza tulipita kwa mwendo. Ya pili tukayumba, tukapita. Ya tatu ina mwinuko mrefu kabla yake, na pale mwendo uliniishia.

Nyuma ikaanza kuzunguka bure. Gari likasimama, kisha likaanza kurudi lenyewe, taratibu, huku matako yake yanasogea upande wa bonde. Nimekanyaga breki mpaka mwisho na bado linateleza. Likaja kushikwa na tuta dogo la mawe pembeni. Nikachungulia dirishani. Kati ya tairi la nyuma na shimo palikuwa na nafasi ya hatua mbili, labda moja na nusu.

Nikashuka nikaweka mawe nyuma ya matairi.

Mvua ikarudi, ile nyembamba isiyo na haraka.

Mama mkwe alishuka bila kuambiwa, akajifunika khanga, akapanda mbele ya gari kwenye ukingo wa barabara, akasimama ubavuubavu ili tusitazamane. Nikarudi kwenye usukani. Gia ndogo, four-wheel, taa inawaka. Nikakanyaga. Injini ikalia, matope yakaruka nyuma mpaka kwenye miti, gari halikusogea hata kiganja.

Nikachukua magunia ya Tajiri nikayatandika chini ya matairi ya nyuma. Nikakanyaga, magunia yakatemwa nyuma moja baada ya jingine. Nikachimba kwa jembe. Nikakata matawi. Nikakanyaga tena. Kila nikijaribu, nyuma inasogea kidogo kuelekea kule kwenye bonde, na kila ikisogea Mzee Odilo anaguna ndani.

Ule mguno wake, wakuu. Hakuwa analia. Alikuwa anaubana kwa meno. Nausikia mpaka leo.

Mama akateremka kwenye ukingo, akaja mpaka dirisha la nyuma. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope, hatua tatu kutoka kwake.

"Baba Skola, mwambie mkweo, haya magurudumu ya mbele hayazunguki."

Mzee akainua mkono tu akaushusha.

Nilisikia. Nataka mjue kwamba nilisikia neno kwa neno. Lakini halikupitishwa kwangu, kwa hiyo nikaendelea kuchimba.

Hiyo nusu moja ni adabu. Nusu nyingine ni ujeuri, siwezi kuificha. Nilisema moyoni, mama wa watu anajua nini kuhusu four-wheel? Taa si inawaka?

Nikajaribu tena mara mbili. Saa ya mkononi ikawa inasoma saa tano na nusu. Hakuna gari lililopita, hakuna mtu aliyepita. Njia ikiwa mbichi vile, wenye akili walikuwa wamekaa makwao. Nikamkumbuka Kasian na mguu wake mlangoni, na mabega yake ya kuvuta nyavu.

"Baba Skola." Mara hii sauti imepanda. "Nimesema mwambie huyu, ya mbele hayazunguki!"

Mimi nimeinama. Nilikuwa naangalia vidole vyangu kwenye tope, nasubiri mzee aseme "Mkwe, mama yako anasema." Wallahi nilikuwa nasubiri. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa kwamba yule mama yuko sahihi, na bado nikasubiri nipewe ruhusa ya kusikia.

"Baba Skola? Baba Skola!"

Nikainuka. Mzee alikuwa amelaza kichwa upande, mdomo wazi, mkono umeanguka nje ya godoro.

Sijui niwaeleze vipi. Niliyemfikiria ni Skola tu. Yuko Mbinga, anaosha vyombo, hana habari. Nitasimama mlangoni nimwambie nini? Kwamba baba yako alikuwa ameshapandishwa kwenye gari linalopanda mlima, mimi nikamtoa?

Mama akamshika mumewe shavuni. Akamwita tena, polepole. Hakujibiwa. Alibaki hana mtu wa kupitishia neno.

Akageuka. Akanitazama usoni, macho kwa macho, mara ya kwanza tangu nimuoe mwanaye. Na akaniita jina langu la ubatizo.

"Laurenti."

Sikujua nifanye nini na uso wangu.

"Laurenti, mimi mlima huu nimeupanda na dagaa wa usipa kichwani, Skola hajazaliwa bado, na nimeupanda na gari la Mapunda mara nyingi. Kila gari likikwama hapa wanatushusha, tunasimama tunaangalia. La Mapunda likikwama yanazunguka yote, mbele na nyuma, yanatafuta. Lako linazungusha nyuma tu. Ya mbele yamekaa kama ya gari bovu. Nimekwambia mara mbili. Hunisikii?"

Nikajibu, nami kwa mara ya kwanza, "Nimekusikia, mama."

"Basi angalia."

Nikaingia kwenye gari. Akasimama mbele kabisa, karibu mpaka nikaogopa. Nikakanyaga kidogo, nikatoa kichwa dirishani.

"Yanazunguka?"

"Hayazunguki!"

"Hata moja?"

"Hata moja, nimekwambia!"

Tulikuwa tunapigiana kelele kama watu wa soko moja.

Nikashuka, nikapiga magoti kwenye gurudumu la mbele, na hapo ndipo nikamwona yule bwana mifugo akilini, ameinama kwenye Suzuki yake, na mimi nacheka.

Nikafuta tope kwenye kile kifuniko cha katikati. Nikakwangua ile rangi ya fedha ya Tajiri kwa ncha ya kisu. Ikatokea alama ndogo ya mshale. Pembeni yake maneno mawili, FREE na LOCK. Mshale umelala kwenye FREE.

Wakuu wanaojua wameshanicheka. Kwa wasiojua: magari ya aina ile, kuvuta kijiti cha ndani ni nusu ya kazi. Lazima ushuke ufunge kwa mkono vile vifuniko viwili vya mbele, mafundi wanaviita friwili. Usipofunga, nguvu inafika mpaka kwenye ekseli na kuishia hapo, magurudumu ya mbele yanafuata tu kama toroli. Na taa inawaka vilevile, kwa sababu taa inajua habari za kijiti, haijui habari za gurudumu. Gari halikuwa na kosa lolote. Lilitengenezwa hivyo, na kitabu chake kilikuwa kwenye droo ya dashibodi siku zote, sijakifungua.

Miezi saba nilikuwa natamba na four-wheel ambayo sijawahi kuitumia hata dakika moja.

Nikashika kile kifuniko nizungushe. Rangi ilikuwa imekigandisha. Nikaleta plaizi. Cha kushoto kikakubali, kikatoa mlio, kikageuka. Cha kulia kikakataa. Plaizi ikateleza, ngozi ya vifundo vya vidole ikabaki kwenye chuma. Ikateleza tena. Damu na tope vimefanya kila kitu kiwe utelezi.

Mama mkwe akafungua kitambaa chake cha kichwani, akaja akainama pembeni yangu, akanipa mkononi. Nikakipokea. Nikakizungushia kifuniko, nikabana plaizi juu yake, nikavuta kwa uzito wangu wote huku nasema maneno ambayo mbele ya mama mkwe hayasemwi.

Kikageuka.

Alipanda nyuma, akampakata mumewe kichwa. Nikaingiza gia ndogo. Nikaachia klachi kidogokidogo. Mbele ikanyanyua pua, ikashika, ikavuta. Gari likatoka kwenye lile tuta, likapanda mwinuko ule kama linapanda ngazi za kanisa, bila kelele, bila kurusha tope.

Sikufurahi. Niseme ukweli, sikuwa na nafasi ya kufurahi.

"Mama, anapumua?"

"Anapumua. Endesha."

Kona ya nne, ya tano.

"Anapumua?"

"Anapumua."

Nilimuuliza kila kona. Mlima ule una kona nyingi. Kuna kona moja alichelewa kujibu, nikafunga breki katikati ya barabara, akasema, "Nilikuwa nasikiliza kwanza. Anapumua. Nenda."

Tukaingia Mbinga saa nane kasoro. Hawakuuliza mengi. Daktari alimtoboa kidogo chini ya kitovu akapitisha mpira, na mimi nilikuwa nje ya pazia nikasikia mkojo ukiingia kwenye ndoo, muda mrefu, hauishi. Skola alikuwa amefika anakimbia na mikono ina sabuni. Alinikuta nimekaa chini korido, nalia kama mtoto, na kitambaa cha mama yake kiko mkononi mwangu. Hakuelewa kwa nini ninacho.

Siku ya tatu mzee akakaa kitandani anakunywa uji. Nikamwambia, baba, nisamehe, pale mlimani nilidhani tumekupoteza.

Akasema, "Maneno yenu nilikuwa nayasikia kwa mbali. Sikuwa na nguvu tena ya kuyabeba."

Alipopona ilibidi nyumba itengenezwe, maana mwiko ulikuwa umevunjwa. Nikapeleka jembe jipya na kuku jike mweupe, ndivyo wanavyofanya kwao. Wazee wa ukoo wakakaa, wakauliza, nani aliyeanza kusema?

Nikafungua mdomo nijitetee kwa niaba ya mama. Akanitangulia. Akasema mbele ya wote, ananitazama, "Nilianza mimi. Na kosa langu siyo kusema. Kosa langu ni kuchelewa."

Mimi nilitakiwa nisimame hapohapo niseme la kwangu. Kwamba mara ya kwanza nilisikia. Mara ya pili nilisikia. Na kwamba mlima sikuwahi kuupanda na gari lile njia ikiwa mbichi. Nikanyamaza. Jembe likapokelewa, kuku akachinjwa, tukala.

Nimekaa na hilo karibu miaka thelathini. Skola amelijua jana aliposoma hapa. Hakulifuta. Amesema tu, "Hilo liache."

Kwa Mzee Mapunda nilikwenda baadaye kumwomba radhi. Alisema alijua sijapanda, alinisoma machoni. Akaongeza kwamba na yeye alinyamaza, hakutaka kuniaibisha mbele ya wakwe. Hebu hesabuni adabu za siku ile, na sote tulikuwa watu wazuri.

Sasa mnaotaka jibu la uzi. Kwa maoni yangu: kama barabara yako ni mbaya mwaka mzima na dereva wako ni mtu wa kusahau, 110, kwa sababu haikupi nafasi ya kusahau. Kama unasafiri mbali na unabeba watu, Cruiser, lakini dereva awe anasoma kitabu cha gari na hana aibu ya kushuka kwenye mvua. Kama uko peke yako na mzigo mdogo, Suzuki ile itawaacha wote, na mwenye nayo msimcheke. Gari la kupanda mlima lile lilikuwepo siku ile, tena mawili. Kilichokosekana kilikuwa kwangu.

Mzee Odilo aliishi miaka mingi baada ya pale, akafa kwa uzee wake, kitandani kwake. Mama mkwe yupo. Amepita themanini, macho hayaoni tena. Lami imefika Mbamba Bay siku hizi, saa moja na nusu unashuka, na mimi natembelea kagari kadogo ka mjini ambako hakana kijiti wala friwili.

Lakini kila nikimpigia simu kumwambia kesho tunakuja, kabla ya salamu huniuliza, "Laurenti, umefunga ya mbele?"

Namjibu, "Nimefunga, mama."

Halafu natoka nje kweli, nainama, nayaangalia. Majirani wanadhani nayabembeleza.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Bishaneni, nichekeni, nikosoeni. Ila kila atakayechangia aanze kwa kutaja jambo moja ambalo mtu alimwambia akajifanya hakusikia. Mimi nimeshataja langu, na Jumapili nashuka ziwani kulisema kwa mama mwenyewe.